Namna ya Kuamini Bila Kushika Chepe

Kwanza, chelewa kuamka. Kaburi huchimbwa asubuhi, na kiangazi kikikolea hapa Singe, ardhi inakuwa ngumu hadi sululu inaruka kama imegonga jiwe. Ukifika saa nne utakuta vijana wameshazama mpaka kiunoni. Simama ukingoni, funga mikono nyuma, toa ushauri: "Upande wa kichwani bado, vijana." Mtu akikunyooshea chepe, shika mgongo. Mgongo wa muumini una maajabu yake: unauma ikitajwa kazi, unapona ukinukia ubwabwa.

Wakianza kukutazama kwa jicho la pembeni, usiutetee mgongo. Tetea imani. Hapo ndipo msomi anapojitenga na mvivu wa kawaida. Mtaje Paulo: mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo ya sheria. Kwamba huyo Paulo alikuwa akishona mahema kwa mikono yake ili asimlemee mtu, si lazima walijue leo.

Atatokea mzee mmoja wa kanisa (hakosekani) atakayekuletea Yakobo, yule anayeuliza kuna faida gani kumtakia heri mwenye njaa na kumwacha aende hivyohivyo. Usitishike. Mwambie kwamba mwaka 1522 Martin Luther aliufananisha waraka wa Yakobo na mabua makavu. Ila pima unayemwambia. Hapa kwetu mabua hayatupwi. Yanabebwa kutoka shambani hadi nyumbani, na ng'ombe anaponea hayo mpaka mvua irudi. Mzee anaweza kukujibu kwamba basi Luther aliusifu. Na akijua kwamba maneno hayo yaliondolewa kwenye matoleo ya baadaye, hamia kwenye habari ya bei ya mbaazi.

Jihadhari zaidi na Mkatoliki aliyesoma. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, wakubwa wake na wa Walutheri walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yetu, na neema hiyo ndiyo inayotutuma kutenda mema. Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Ugomvi wa karne karibu tano ukapoa namna hiyo, na sisi wenye migongo tukabaki bila hoja. Habari njema ni kwamba hakuna aliyelisoma.

Ikibidi kutenda, basi tenda mbele ya watu. Bahasha ya ahadi iandike jina kwa herufi kubwa, kisha umpe mwenye kipaza sauti, usiitumbukize kapuni. Tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, Desemba 2023, nami nilitoa. Nilitoa koti la suti. Lilikuwa limeanza kunibana kwapani. Nilipiga nalo picha kabla ya kulikunja, na mpaka leo najiuliza aliyepewa, mtu aliyepoteza nyumba na ng'ombe, alilivaa akienda wapi.

Kwa jirani, tumia maombi, hayana nauli. Mwaka jana mama wa nyumba ya pili alikuwa ameanika mbaazi uani, mumewe yuko kitandani, na wingu limefunga juu ya Mlima Kwaraa.

"Baba, ungenisaidia hata turubai tu, tushikane pembe."

"Nitakuombea, mama. Mungu ataizuia."

Nikaingia ndani, nikaomba kweli, tena kwa sauti ili asikie. Mvua ikanyesha. Kupitia dirishani niliwaona vijana wawili wa bodaboda, ambao sijawahi kuwaona kanisani, wanaburuta turubai huku maji yanawatiririka shingoni.

Jioni mama yule alibisha hodi. Mkononi ana bakuli la mbaazi za nazi, limefunikwa na sahani.

"Pole na mgongo, baba. Na asante kwa maombi."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, sikuiona. Nikapokea kwa mikono miwili, nikala nikamaliza, nikafuta na mchuzi kwa kipande cha chapati.

Bakuli bado liko kwangu. Kulirudisha tupu ni aibu, na nikitia kitu ndani yake, yatakuwa matendo hayo.