Sifa za Herufi Iliyokosewa

Zabibu za Dodoma zimesifiwa vya kutosha. Mbuyu umesifiwa, ngoma za Wagogo zimesifiwa, hata mlenda umepata watetezi wake. Leo nasimama kumsifu mnyonge asiye na wakili: herufi iliyokosewa kwenye jina la mdaiwa. Afisa mikopo anailaani, karani anaikana, na yenyewe imetulia pale kwenye karatasi, inafanya kazi kuwashinda wote wawili.

Nianze na ukoo wake, maana mtukufu hutajwa kwa nasaba. Mji huu wenyewe ni mtoto wake. Wazee husimulia kwamba tembo alizama kwenye tope, wenyeji wakasema idodomya, mgeni akaandika Dodoma. Na kwa tahajia hiyohiyo ya mgeni ikaamuliwa 1973 kuwa makao makuu, na 2018 ikapandishwa kuwa jiji. Mpwapwa nayo inasimuliwa kwamba ilikuwa Mhamvwa kabla haijapita kwenye masikio ya wasafiri. Mpaka leo hakuna aliyeidai wilaya hiyo hati ya kiapo kuthibitisha kwamba Mhamvwa na Mpwapwa ni mahali pamoja.

Binadamu hana bahati hiyo. Kigogo kina c inayosimama peke yake bila kuegemea h, ndiyo maana Waziri Mkuu wetu wa 1990 hadi 1994 aliandikwa Malecela na nchi nzima ikatamka Malechela. Kina nh pia, ile ya munhu, yaani mtu, pumzi ikipitia puani. Karani aliyekulia Tanga akiisikia huandika n, siku nyingine ny, kutegemea ameamkaje. Chi ya mbele ya jina huigeuza Ki, kwa kuwa shuleni alifundishwa kwamba chi ni lafudhi ya kijijini. Ukivuka kwenda Singida unawakuta Wanyaturu na gh zao, na huko kalamu husalimu amri kabisa. L na r sizihesabu. Hizo zimeshazoea kupangishana vyumba.

Basi mtu mmoja anakuwa Chiwanga kwenye cheti cha ubatizo, Kiwanga kwenye kadi ya mpiga kura, na Chiwanda kwenye fomu ya mkopo. Mtaani hana shida yoyote. Kila mtu anamjua: Baba Neema, yule mwenye mashine ya kukoboa.

Shida ni hiyo mashine, aliyoiweka rehani kwa mkopo huo. Ukiweka kitenge rehani kwa jirani, kitenge kinalala kabatini kwake na kila anayeingia anakiona. Mashine ya kukoboa haiwekwi kabatini. Lazima ibaki kwa mwenyewe inakoboa, la sivyo deni litalipwa na nini? Sasa mkopeshaji wa pili akija ataiona inanguruma, ataona mwenyewe amesimama pembeni kajaa pumba, atadhani ni mali isiyo na deni. Kitu pekee cha kumwonya ni daftari la msajili. Kwa kampuni, sheria yetu ya 2002 inataka dhamana isajiliwe BRELA ndani ya siku 42. Kenya mwaka 2017 na Uganda 2019 zilitunga sheria za kusajili rehani ya mali zinazohamishika. Yote hayo ni kazi nzuri. Lakini daftari halimjui Baba Neema. Linajua herufi, moja baada ya moja, na ukiliuliza Chiwanga wakati ndani imeandikwa Chiwanda, linakujibu kwa moyo mweupe kwamba mtu huyo hana deni duniani.

Msidhani ni ushamba wa nyanda za kati. Kansas, Marekani, kampuni ya John Deere iliandikisha zana za kilimo za mkulima mmoja kwa jina la Terry, kama alivyoitwa na wenzake. Kisheria alikuwa Terrance. Alipofilisika, jopo la majaji wa rufaa mwaka 2004 lilisema andiko hilo halifai, na John Deere ikapoteza kipaumbele chake. Kiwanda kizima cha matrekta kikaangushwa na jina la utani! Baadaye majimbo mengi yakaamua kwamba jina la kufuata ni lile lililo kwenye leseni ya udereva.

Sisi tuna namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA: tarakimu 20, zikianza na tarehe ya kuzaliwa. Wapo wanaosema namba itaiua herufi yangu. Sina hofu. Tarakimu 20 ni nafasi 20 za kukosea.

Na nani anahesabu ajira inazozalisha? Steshenari zinaishi kwa ajili yake. Wakili mdogo mwenye meza moja na muhuri mmoja anasomesha watoto kwa hati za kiapo zinazotamka kwamba Chiwanga, Kiwanga na Chiwanda ni mtu mmoja. Maaskofu wamehangaika karne nyingi na fumbo la nafsi tatu katika mmoja. Wakili analimaliza kabla ya chai ya saa nne. Wanaoikosa neema hii ni wakopaji wa kausha damu tu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Wale wakopeshaji hawakosei jina kwa sababu hawaulizi. Wanaujua mlango na godoro.

Mimi mwenyewe nimefaidi. Jina la babu yangu lina h. Mkopeshaji mmoja, ambaye namsitiri, aliiacha njiani siku nilipochukua mkopo wa pikipiki. Marejesho nililipa mimi, mwezi kwa mwezi, kwa jasho langu. Nilipomaliza nikaifuata kadi ya pikipiki, nikaelezwa kwa heshima zote kwamba aliyemaliza deni ni bwana mwingine, asiye na h, na kadi ni yake. Nikauliza anapatikana wapi. Binti wa dirishani akatazama kompyuta, akaniangalia, akatazama tena, akasema, "Anko, hapa anaonyesha anaishi kwako."

Nikaenda steshenari kama wenzangu, nikaapa, kadi nikaipata. Yule ndugu yangu hakuondoka. Kwenye kumbukumbu za wakopaji yeye ndiye mlipaji mwaminifu asiyechelewa hata siku moja, na mimi mwenye h ni mgeni asiye na historia. Wiki iliyopita simu yangu ililia usiku. Ilikuwa ujumbe wake: anapongezwa, sasa anaweza kukopa mara mbili.