Swala Mmoja, Bei Mbili

Msyuuu! Nyie watu wa Mikumi mnanichekesha. Lori likimgonga swala kwenye lami ya mbugani, dereva atanung'unika, atalipa dola 390, atapewa risiti, kesho yuko Tunduma anashusha mzigo. Bei zimeandikwa kwenye kibao, kila mnyama na dola zake kama orodha ya vyakula hotelini. Sasa akutwe mama ntilie na minofu ya swala huyohuyo kwenye beseni. Hapo hakuna kibao. Hapo ni nyara za serikali, uhujumu uchumi, na ngazi ya chini kabisa ni miaka 20.

"Unatia chumvi," mzee wa kahawa ananiambia.

Chumvi gani, mzee wangu? Hapo Iringa tu, mwaka 2023, mama mmoja alipigwa miaka 22 kwa vipande 12 vya nyama ya swala. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamwachia. Watu tukashangilia. Lakini yule ambaye habari yake haikufika gazetini, rufaa yake nani kamwandikia?

Msiseme natetea majangili. Tembo wetu walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Sheria ikakazwa, mwaka 2016 ikakazwa tena, na wale mabwana wa pembe walistahili. Ila mwenye pembe ana wakili wa suti. Mwenye sufuria ana hakimu tu, na hakimu hata amhurumie vipi, chini ya 20 hashuki.

Tena hapo mmeshafika kwenye hukumu. Kabla yake kuna kusota. Unapelekwa mahakamani Kilosa, unasomewa shtaka, unaambiwa usijibu lolote, mahakama haina mamlaka mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, atoe kibali. Upelelezi haujakamilika. Rudi mahabusu. Ndugu wanachanga nauli, wanakuja tarehe nyingine: upelelezi haujakamilika. Upelelezi wa beseni! Nyama yenyewe huwa imeshateketezwa kwa amri ya hakimu, eti itaoza. Na mtu je, haozi?

Mnh. Halafu ikaja Tume ya Haki Jinai ya Rais Samia, Januari 2023, mwenyekiti Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Julai ripoti ikakabidhiwa. Ilisema mengi, pamoja na upelelezi kuwa na ofisi yake ya taifa. Sisi hapa kijiweni, kwenye drafti, tukashupalia jambo moja: polisi waitwe jeshi au waitwe huduma. Waiteni mnavyotaka! Mie nilitaka mjadala wa ile 20. Kitoweo kitenganishwe na biashara ya nyara, hakimu aachiwe apime mwenyewe. Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu 2002. Mtu wa vipande vya nyama afyeke nyasi za barabara hii, arudi kwake jioni, watoto wale.

"Na akirudia?" kijana wa bodaboda anauliza.

Akirudia aende ndani, mwanangu, sijakataa. Aende miaka miwili, mitatu, inayolingana na minofu. Miaka 20 wewe bado hujaifikisha kuishi, unaijuaje?

Kijana anasema ana 23. Haya basi, mitatu imezidi. Cheza kete yako.