Pakiti Moja ya Maziwa
Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya usalama kazini

Waheshimiwa mnaosimamia usalama mahali pa kazi na udhibiti wa kemikali,

YAH: PONGEZI KWA MPANGO WA KINGA KWA NJIA YA MAZIWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kuwapongeza. Tangu mwaka 2003 Tanzania ina sheria mbili nzuri, moja ya usalama na afya mahali pa kazi, nyingine ya usimamizi wa kemikali za viwandani na majumbani. Zimetunzwa vizuri mno, hata hakuna aliyethubutu kuzichafua kwa grisi kwa kuzileta gereji. Huku chini ya miembe tuna sheria yetu, fupi, isiyohitaji mkaguzi: fundi akimaliza kutoa kutu, anunuliwe maziwa.

Na kutu hatuna uhaba nayo. Upepo wa chumvi wa Dar es Salaam hula madigadi na chini ya milango bila kuuliza gari limeshuka bandarini lini. Fundi bodi hupitisha brashi ya waya, kisha msasa, na panapokataa hapo ndipo hupakwa dawa. Dawa gani, inategemea mfuko wa mwenye gari. Mwenye nacho atapata ya dukani yenye tindikali ya fosforiki. Wa kati atapata haidrokloriki, ileile inayokwangulia saruji kwenye vigae. Sisi wengine tunapakiwa maji ya betri, yaani salfuriki. Zote huuzwa kwa kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na zikifika gereji hukaa chini ya benchi, ubavuni mwa maji ya kunywa yenyewe.

Zile zinazokuja na lebo, lebo yake ni Kiingereza au Kichina. Kuna na picha, nakiri: kimiminika kinadondokea mkono. Kwa aliyesomea, hilo ni onyo kwamba dawa inaunguza. Kwa kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita, ni maelezo ya matumizi. Anamimina mkononi, anapaka. Amefuata maelekezo.

Sasa maziwa. Wapaka rangi wanayaamini, wachomeleaji wanayaamini, matajiri wao ndio wanayaamini kuliko wote kwa sababu ni rahisi kuliko barakoa. Inasemekana yanasafisha kifua. Tatizo ni kwamba maziwa huenda tumboni na mvuke wa tindikali huenda mapafuni, na njia hizo mbili huachana kooni. Koo lenyewe ndilo lenye habari: mwaka 1992 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka ukungu wa tindikali kali wenye salfuriki katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani iliyotajwa ni ya zoloto. Kabla ya hapo hutangulia meno, ambayo ukungu huohuo huyalainisha na kuyala, ya mbele kwanza.

Lakini nisimwonee ng'ombe. Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu na kuondoa madoa ya kutu zina haidrofloriki, na hiyo ina adabu za ajabu. Ikiwa hafifu haiunguzi papo hapo. Fundi ananawa, anakwenda nyumbani, anakula, analala. Maumivu yanakuja usiku, wakati floraidi imeshapenya ngozi na inatafuta kalsiamu, kwenye mfupa na kwenye damu. Kalsiamu ya damu ikishuka sana, moyo unaweza kusimama. Huduma ya kwanza ni kuosha kwa maji mengi, kupaka jeli ya kalsiamu glukoneti na kukimbilia hospitali. Kalsiamu, Waheshimiwa! Maziwa yamejaa kalsiamu. Tulikaribia kabisa kuwa wanasayansi, tumekosea mlango tu.

Kuhusu hayo maji mengi: miongozo inasema aliyemwagikiwa tindikali aoshwe kwa maji yanayotiririka, dakika 15 au zaidi. Gereji ninayoijua ina dumu moja la lita 20, na limewekwa kwa ajili ya kunawa kabla ya ugali. Walioandika miongozo hiyo nawashukuru kwa imani yao kwa mabomba yetu.

Agosti 2013, wasichana wawili Waingereza walipomwagiwa tindikali Mji Mkongwe, Zanzibar, dunia ilishtuka, na ilikuwa haki ishtuke. Kijana wa gereji anayerukiwa na tindikali ya jamii hiyohiyo saa nne asubuhi haingii kwenye taarifa ya habari. Yeye analipwa.

Sidai semina. Sidai fulana zenye kaulimbiu kila tarehe 28 Aprili, siku ya usalama na afya kazini, ninazo za kutosha kupigia deki. Naomba lebo iandikwe kwa Kiswahili. Naomba mkaguzi ateremke kwenye gari la vioo vyeusi, na mkononi awe na miwani na glavu za kugawa kabla ya kitabu cha faini. Naomba zahanati zilizo jirani na mitaa ya gereji ziwe na ile jeli. Na kabla ya yote hayo, leo hii ikiwezekana, pigeni marufuku tindikali kupimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, maana watoto wa mama lishe hucheza pale pale benchi lilipo, na jua la Dar mnalijua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteja wa gereji