Mmea Unasali, Mimi Nabeba Ndoo

Niliununua kwa shilingi 12,000 kando ya barabara ya Njiro, kwa kijana wa miche aliyeniapia kwamba haufi. "Huu hata ukiusahau, mwalimu, unajiombea wenyewe." Nilicheka, nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Muuzaji akikuchekesha kabla hujauliza bei, ujue umekwisha.

Mmea wenyewe ni mzuri, sitausingizia. Una majani mapana ya kijani cha namna mbili na mishipa myekundu, kana kwamba nimeyapitia kwa kalamu yangu ya kusahihishia. Kwao ni Brazili, chini kabisa ya msitu, ambako jua hufika likiwa limechoka. Mimi nikauanika barazani kutwa, na wiki haikuisha rangi zikafifia kama kanga ya mnadani. Nikauhamishia sebuleni, juu ya kabati la televisheni, na hapo mambo yakawa ya familia nzima.

Usiku huohuo niliamka saa saba kwenda kunywa maji. Umeme ulikuwa umekatika. Nikamulika tochi ya simu, na majani niliyoyaacha yamelala kama sahani yakawa yamesimama wima, yamekutana kama viganja. Sikupiga kelele. Mke wangu anasema nilipiga. Sitabishana naye hapa kwa sababu atasoma.

Kumbe ndiyo tabia yake, na ndiyo maana unaitwa mmea wa sala. Kwenye shingo ya kila jani, pale linapokutana na kikonyo, pana kifundo kidogo. Jioni maji huhama ndani ya kifundo hicho, upande mmoja ukavimba na mwingine ukanywea, jani likanyanyuka. Asubuhi yanarudi, jani linalala. Nilimweleza hayo dada anayetusaidia kazi. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaendelea kufagia huku akiliacha kabati mita nzima. Alikuwa amekwisha kusikia majani yakichakarika yenyewe wakati wa kupika ugali wa jioni, na hakuna somo la baiolojia lililomfikia baada ya hapo.

Zamu yetu ya jumuiya ilipofika, mwenyekiti, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, aliona majani yakiwa yamesimama wakati nusu ya wanajumuiya bado wako njiani. "Mnaona?" aliwaambia waliochelewa. "Huu haujabatizwa, lakini hauji kwenye litania ya mwisho!" Siku hiyo niliombwa miche mitatu. Mtu mmoja, nisimtaje, aliomba maji yaliyobaki kwenye kisahani.

Sifa hizo zilinitia kiburi, na kiburi kikanifanya nimwagilie. Nilimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, mpaka mizizi ikaanza kunuka na majani ya chini yakageuka njano. Nikajifunza kuchomeka kidole kwenye udongo kwanza: kikitoka na unyevu, ndoo irudi ilikotoka. Mizizi ikapona. Lakini ncha za majani zilikuwa zimeanza kuungua, kila moja na ukingo wa kahawia, na hizo hazikusikia dawa.

Pasaka akaja shemeji anayeishi Nairobi. Alitafuta jina la mmea kwenye simu, akatangaza kwamba ni ndugu wa arrowroot. Kwa Wakenya, Kiingereza hicho ni nduma, yaani magimbi. Mama mkwe, aliyelima magimbi Marangu maisha yake yote, alivaa miwani, akaukagua mmea mbele na nyuma. "Baba," aliniambia kwa upole, "magimbi hayaoti kwenye kopo la rangi." Alikuwa sahihi. Arrowroot ya kweli ni mmea mwingine unaotoa unga laini, na huo ndio ndugu wa mmea wangu. Nduma haina undugu nao, imebandikwa jina tu. Lakini nani ataeleza hayo huku shemeji amekwisha kuulizia chumvi?

Katika kusoma ili nimjibu shemeji ndipo nilipokuta kwamba ukoo huu wa mimea hauvumilii floridi kwenye maji. Nikaweka simu chini. Nikaenda kwenye kioo, nikatabasamu.

Nimezaliwa chini ya Mlima Meru. Maji yetu hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi njiani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na baadhi ya chemchemi zetu zinaipita hata hiyo. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma, wenzangu waliniuliza navuta sigara gani. Sijawahi kuvuta. Ni meno ya nyumbani. Na sasa ncha za majani zilikuwa na kahawia ileile ya meno yangu ya mbele. Mmea kutoka Brazili, miezi mitatu tu, umekwisha kuwa mwenyeji.

Mke wangu akashauri nichemshe maji, kama tunavyochemsha ya watoto. Nilichemsha kwa wiki mbili, nikayapoza, nikamwagilia, na ncha zikazidi kuungua. Floridi haipai na mvuke. Yanayopaa ni maji, na yanayobaki sufuriani yamekolea zaidi. Nilikuwa naupikia supu.

Nikakumbuka kwamba huku kwetu, Ngurdoto, wataalamu wamefanyia kazi uchujaji wa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nikamwendea muuza nyama wa mtaani. Akauliza supu ya watu wangapi. Nikamwambia ni ya ua. Alinipa mifupa bure, kwa sauti ile tunayowasemesha wagonjwa. Niliwasha moto nyuma ya nyumba, na kabla hata mfupa mmoja haujawa mweusi, mbwa kumi na mmoja walikuwa getini na mke wangu alikuwa mlangoni. Utafiti ukafungwa.

Ikabaki mvua. Masika yote nilikinga ndoo chini ya gata, nikaziandika kwa maka: YA MMEA. Jani jipya likafunguka, safi mpaka nchani. Nilifurahi, ila ndoo zilikuwa zinapungua kuliko mmea unavyokunywa. Nikakesha, nikamkamata mwizi saa kumi na moja alfajiri akiwa na birika mkononi. "Chai inakuwa tamu," mke wangu alisema, bila hata kuitua birika.

Sasa ni Agosti. Mvua hakuna, ndoo imebaki moja, na mmea na mke wangu wanatazamana. Msomaji wa Arusha mwenye akiba ya maji ya mvua, nina mche wa kubadilishana naye.