Taa ya Injini na Elimu ya Kubahatisha

Kati ya Ruiru na Thika, ambako Vitz na Demio zilizokwisha kutumika Japani huendelea kutumikishwa hadi uzeeni, umestawi utaratibu wa kutambua hitilafu ambao wanazuoni hawajaupa hadhi yake. Gari likianza kumisi, yaani silinda moja ikikosa kuchoma mafuta kwa wakati wake na injini ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, fundi hutega sikio, hutikisa kichwa, kisha hutamka kwamba ni plagi. Plagi zikibadilishwa na mtetemo ukabaki, huwa ni koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa maelfu ya volti. Na koili zote nne zikiisha kununuliwa, pampu ya mafuta huanza kutazamwa kwa jicho baya. Hitilafu haigunduliwi, bali huchoshwa.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikichomekwa chini ya dashibodi, ingeonyesha msimbo P0301, kwamba silinda ya kwanza ndiyo inayomisi. Hapo ingetosha kuihamishia koili yake silinda ya pili, na msimbo ukigeuka kuwa P0302, mhalifu amepatikana bila kununuliwa kitu. Kasoro ya njia hii ni hiyohiyo: hakinunuliwi kitu. Mwenye gari naye, asiyeona sababu ya kulipia kuangaliwa tu, hulipia kwa moyo mkunjufu koili tatu zisizohitajika, na taa ya injini ikizidi kuwaka huomba ifunikwe kwa tepu nyeusi, matengenezo ambayo hayajawahi kurudishwa gereji kwa malalamiko.