Mpagazi Amefika Tena

Ukishuka kwenye daladala ya Makumbusho pale stendi ya Bagamoyo, usikimbilie kutaja kabila lako. Mimi nilikuwa na begi la nguo na barua ya kujiunga na chuo cha sanaa, na kijana wa bodaboda aliniuliza kwa upole tu, "Kaka, wewe kwenu wapi?" Nikajibu Tabora, Mnyamwezi. Akazima pikipiki na kuwaita wenzake: "Njooni muone, mpagazi amefika!" Nauli ikapanda pale pale mara mbili, kwa maelezo kwamba babu zangu walikula maembe ya babu zake na hawakulipa.

Deni lenyewe lina historia. Katika karne ya 19 pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji ziliteremka hadi Bagamoyo mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na safari ilikuwa ya miezi. Walifika kwa maelfu, wakapiga kambi mjini wakingoja mzigo wa kurudi nao. Wakala, wakaugua, na wengine wakafa na kuzikwa na wenyeji: Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wazigua. Wazee wa hapa watakwambia ndipo utani wetu ulipoota mizizi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka, mradi zamu yako ikifika naye acheke.

Mama mwenye nyumba wangu, Mzaramo ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, aliipokea shikamoo yangu vizuri sana, kisha akanionyesha madumu ya maji. "Beba, mwanangu. Hiyo kazi ni ya ukoo." Chumbani niliwakuta Mpare na Mhaya. Mpare alikuwa akizima taa kila mtu akifumba macho, hata kama amefumba kwa kupiga chafya. Mhaya hakuweza kuomba chumvi bila kwanza kueleza chumvi ya Bukoba ilivyo. Nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba Wapare ni wabahili na Wahaya wana majigambo, na ni aibu kubwa kwa mwanafunzi anayepinga ubaguzi wa kikabila kupangishwa chumba na ushahidi.

Bahati nzuri ushahidi huwa unaharibika. Kwetu niliambiwa watu wa pwani ni wavivu, na kweli saa nne asubuhi nilimkuta jirani amelala chali barazani, mdomo wazi. Nilikaribia kuandika barua nyumbani kuthibitisha. Mwanawe akaniambia baba amerudi na ngalawa alfajiri, usiku kucha alikuwa baharini. Na Mgogo, si tuliambiwa ni ombaomba? Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa zeze na ilimba, alifundisha na kuishi hapa hapa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, na kabla ya hapo alikuwa ameshapiga muziki wake Ulaya na kwingineko. Kama kuna aliyekuwa anaomba, ilikuwa ni dunia ikimwomba yeye. (Mpare, kwa upande wake, bado anazima taa. Siwezi kuficha ukweli kwa ajili ya umoja wa kitaifa.)

Kabla sijaondoka Tabora, mama alinionya nisipokee chakula pwani, nitalogwa. Mwezi wa pili akanitumia kifurushi cha matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vipande vya gome. Bi Mkubwa akavichungulia kwenye mfuko, akarudi nyuma hatua tatu. Kila mtu wa pwani anajua Mnyamwezi ana dawa kali. Jioni ile akaletwa shehe kusoma dua mlangoni kwetu. Akasoma kwa utulivu, akaomba aione hiyo dawa, akainusa, akaumega ukingo, akatafuna. Tukasubiri. "Hii," akasema, "inataka chai." Akamaliza robo ya mfuko. Kwa hiyo mama aliogopa chakula cha pwani, na pwani ikaogopa chakula cha mama, na aliyefaidi ni shehe.

Darasani tulikuwa na mwenzetu kutoka Sweden, binti mpole aliyekuja kujifunza ngoma. Alikuwa amesoma kwamba Bagamoyo ni mji wa watumwa, jambo ambalo ni kweli: watu wengi walipitishwa hapa kuuzwa. Lakini huzuni yake haikuchagua. Alilia kwenye magofu ya Kaole, akalia kwenye mnara wa Misheni ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, na siku moja nikamkuta ameegemea ukuta karibu na ufukwe akifuta machozi. Ukuta ule ni wa gesti ambayo mwenye nayo aliishiwa saruji. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilichomwambia ni kwamba babu zangu wapagazi wengi wao hawakuwa na minyororo. Walikuwa watu wa kazi ya mshahara, wakilipwa vitambaa, shanga na waya, na wakiona malipo hayaeleweki walitua mizigo porini wakagoma, au wakatoroka usiku na mkuu wa msafara akabaki na pembe zake. Akanitazama kwa huruma zaidi. Huruma nayo ina ukaidi wake. Ikishaamua wewe ni wa kusikitikiwa, usijisumbue kuleta vielelezo.

Kisha akafariki mzee mmoja wa mtaani. Bi Mkubwa aliniita uani, macho mekundu kwa kulia, akanipa amri: "Wewe ndiye Mnyamwezi tuliye naye. Usitutie aibu makaburini." Nilijua kidogo mtani anavyofanya msibani: huzuia jeneza, huteka jembe, hulala kaburini mpaka apewe chake. Nilijua kwa kusimuliwa, kama ninavyojua kuendesha ndege.

Makaburini nikasimama pembeni na kushika mpini wa chepe kwa adabu, nikasema, "Samahani wazee, mimi ni mtani." Wazee wakaangaliana. Mmoja akatoa shilingi mia mbili, akaniwekea kiganjani. "Shika, ukanunue ujasiri. Babu yako angekuwa ameshalala humo ndani." Nikasogea mbele nimjibu. Udongo wa pwani ni mchanga mtupu. Ukingo ukamomonyoka chini ya kiatu changu, nikateremka mzima mzima hadi chini na uso ukaishia kwenye mwanandani.

Juu pakalipuka shangwe. Mtu akasema, "Eee, huyu sasa ndiye!" Wakaanza kunibembeleza nitoke. Elfu moja. Mimi nina mchanga kinywani, siwezi kutamka hata "asanteni". Elfu mbili. Nikatikisa kichwa kutoa mchanga sikioni, wakaelewa nimekataa. Mzee wa shilingi mia mbili akasema Wanyamwezi ni watu wagumu, tangu enzi za Mirambo ni hivyo hivyo. Ilipofika elfu tano na ahadi ya kuku, nikanyoosha mkono kuomba msaada, wakaweka fedha mkononi. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alicheka mpaka akashika magoti.

Kuku nilipewa. Bi Mkubwa akapunguza madumu kwa wiki nzima, na bodaboda wa stendi akanitoza nauli ya kawaida, ingawa alisema ni mkopo.

Kwa hiyo nilikuwa nikiamini kwamba dawa ya dharau ni utani, mpaka nilipoanza kunywa chai kwa mama ntilie wa njia ya Msata. Huko huja vijana wa Kibarbaig, ambao hapa wote huitwa Wamang'ati, wenye shuka na fimbo, ambao ng'ombe wao wamegombana na mashamba ya watu Bagamoyo na Chalinze kwa miaka mingi. Mmoja akiingia, meza hunyamaza. Akitoka, maneno huanza, mabaya kuliko yote niliyowahi kuitwa mimi, na hakuna hata moja linalosemwa mbele yake. Mimi hutukanwa kila siku na nina zamu yangu ya kujibu. Yeye hakuwekewa zamu. Sioni huo utani uko wapi.

Nikalipeleka suala kwa Bi Mkubwa jioni, Mpare na Mhaya wakiwepo. Hawa jamaa mtani wao nani? Mpare hakujua. Mhaya alisema Bukoba wangejua. Bi Mkubwa akafikiri, huku akikumbuka, bila shaka, shamba lake la mihogo la Kiwangwa lililoliwa na ng'ombe msimu uliopita.

"Basi awe wako wewe," akasema. "Mpagazi na mchungaji, wote watu wa kutembea. Kesho nenda kamzoee. Na ukishamzoea, mdai mihogo yangu."

Nikamwambia hiyo haimo kwenye kodi ya chumba.