Namna ya Kufuga Mbwa Lambwe Ukiwa na Madaktari Mia Mbili Mfukoni

Kosa la kwanza ni picha. Mbwa amejilaza chini ya mwembe, ulimi nje, jua la saa nane limemshinda, nawe kwa mapenzi tu unampiga picha na kuirusha mtandaoni: "Simba wangu." Hujauliza swali. Hujasema anaumwa. Kabla simu haijarudi mfukoni, mtu wa Nakuru usiyemjua ameshatoa majibu ya vipimo: "Huyo ana minyoo." Wa pili, ambaye mahali pa uso wake ameweka picha ya lori, anapinga: "Minyoo gani? Hiyo ni figo." Wa tatu anakukaripia kwa kumfunga mnyama mnyororo mzito namna hiyo. Unaitazama picha tena. Ni kivuli cha tawi.

Ikiwa unaishi katika bonde la Lambwe, kati ya vilima vya Gwasi na mteremko wa Kanyamwa, na unafuga chochote chenye manyoya, mwongozo huu unakuhusu. Hautakuwezesha kuzuia ushauri. Hilo halijawezekana popote mtandao unaposhika, na siku hizi unashika hata malishoni. Utakuwezesha kuupokea kwa adabu na kuutupa bila kelele, ila ule mmoja wenye maana unaopotea katikati ya rundo.

Wajue kwanza wanaokuandikia. Yupo wa ng'ambo, mtu wa Minneapolis au Manchester, ambaye huanza kwa "pole sana kwa huyo mbwa" kisha anakuhukumu aya tatu mfululizo. Mbwa hapaswi kulala nje. Mbwa hupigwa mswaki kila siku. Mbwa hali ugali. Mbwa huwa na bima. Usibishane naye, maana muda wake wa kuandika ni mwingi kuliko bando lako. Mweleze kwa upole kwamba Simba hulala nje kwa kuwa kazi yake iko nje: fisi na chui wa mbuga jirani ya Ruma hawapigi hodi nyumbani, huenda moja kwa moja kwenye zizi la mbuzi. Kuhusu ugali na omena, muulize atakuwa tayari lini kulipia chakula cha pakiti pamoja na nauli ya boda boda kutoka mjini Homa Bay. Nauli ya boda boda ina uwezo mkubwa wa kunyamazisha watu. Lakini usimdharau kabisa. Akikwambia usimpe mbwa mabaki ya mchuzi yaliyojaa vitunguu, msikilize, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Hata mtu wa Minneapolis huwa na siku yake.

Huyo huyo, akishaona kwenye ramani rangi ya kijani karibu na kwako, atakushauri umpeleke Simba huko kila asubuhi akanyooshe miguu. Rangi hiyo ya kijani ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, iliyoanza mwaka 1966 kama hifadhi ya wanyama ya bonde la Lambwe na kupandishwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ndiko waliko korongo wa mwisho wa Kenya, wale swala wakubwa wenye nyuso za rangi mbili. Mbwa haruhusiwi kuingia. Mjibu kwamba umelipenda sana wazo lake na kwamba umemwachia yeye awaarifu askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori.

Baada yake anakuja fundi wa tiba za gereji. Huyu hajui ugonjwa wowote ila upele, na hajui dawa yoyote ila oili chafu ya gari. "Mpake mwili mzima, siku tatu utanishukuru." Nakiri upele huisha, kwani ngozi iliyoubeba nayo huisha. Mbwa hujilamba, na anachokilamba ni mabaki ya injini yenye sumu ya kuchosha ini na figo. Jibu lake ni fupi: "Asante, kaka. Tuma picha yako ukiwa umejipaka wewe kwanza, tuone kipimo." Pamoja naye mweke yule anayetaka mbwa alishwe pilipili na nyigu ili awe mkali. Mbwa aliyekula nyigu huwa mkali kweli, na wa kwanza kuujua ukali huo ni aliyemlisha.

Kwa wafuga paka nitaacha mzaha kwa sentensi mbili. Mtu akikuandikia kwamba paka mwenye homa hupewa nusu kidonge cha parasetamoli, usimjibu, usimshukuru, na usijaribu hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, yaani macho ya mbwa. Siku moja utaona ukungu mweupe wenye rangi ya samawati umetanda juu ya jicho la Simba, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Amekonda. Anajikunyata. Pua haina baridi yake ya kawaida. Ukivuta mdomo wake wa chini unakuta ufizi uliokuwa mwekundu umepauka. Ukirusha picha ya jicho hilo, ndipo utakapokutana na taifa zima. Asali. Maji ya chumvi. Tumbaku iliyotafunwa na kutemwa jichoni. Uzee, ingawa mbwa ana miaka miwili. Mtoto wa jicho. Mmoja atasema amerogwa, na huyu angalau anaijua historia ya eneo: husimuliwa kwamba jina la Ruma ni la mganga aliyeogopwa sana hapa, na wenyeji ndio walioomba mbuga iitwe hivyo.

Hakuna hata mmoja atakayetaja mbung'o.

Na hapo ndipo kilipo kipimo cha bure cha kuchuja madaktari wako mia mbili. Muulize kila mmoja swali moja: "Je, kwenu kuna mbung'o?" Anayejibu "mbung'o ndiyo nini?" mpe shukrani zako na umwache aendelee na maisha. Anayejibu kwamba kwao kuna nzi wa aina zote, mwache pia. Bakia na yule atakayekuuliza unaishi wapi hasa, mbwa hushinda wapi mchana, na kama ng'ombe wako nao wamekonda. Huyo hujapata jibu lake bado, lakini tayari amekuwa na faida kuliko wote waliojibu.

Kwa maana Lambwe ni nchi ya mbung'o, maugo kwa wenyeji. Nzi huyu hunyonya damu ya pongo na nyati vichakani, kisha huja kunyonya ya mifugo pembezoni mwa mbuga, na katika kunyonya hupitisha vimelea viitwavyo tripanosoma. Ng'ombe hupata nagana. Binadamu hupata malale. Mbwa naye hupata ugonjwa wa ukoo huo huo, na moja ya dalili zake ni ule ukungu wa jicho. Asali haitausafisha, kwani jicho limeonyesha tu kilichomo kwenye damu. Kinachotakiwa ni tone la damu juu ya kioo, hadubini, na mtu aliyesomea kutazama.

Wapo watakaokubaliana nami upesi mno. Hawa ndio wa hatari zaidi, kwa sababu wanajua nusu. "Omera, kama ni mbung'o basi rahisi. Nenda duka la dawa za mifugo, nunua ile pakiti ya unga wa manjano, changanya na maji, mchome." Dawa yenyewe ni ya kweli. Pakiti yake ya kawaida, hata hivyo, imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300 hivi. Simba, ukimweka kwenye mizani ya mahindi akiwa ameshiba omena, hafiki kilo 20. Pakiti nzima ni dozi ya mbwa kumi na tano na zaidi. Mbwa huivumilia dawa hiyo kwa shida kuliko ng'ombe, na ikizidi hugusa ubongo: ataanza kuyumba, kisha hatasimama. Mshauri wako atakuwa ameshahamia kwenye picha ya kuku wa mtu mwingine.

Mchunge pia anayekwambia "njoo pembeni tuongee." Pembeni kuna nambari ya M-Pesa, na tiba yake huanza baada ya pesa kuingia. Kwa huyu tumia sheria. Tangu mwaka 2011 Kenya ina sheria inayotaka kila anayetibu wanyama awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Muandikie kwa heshima zote: "Daktari, naomba nambari yako ya usajili niiweke kwenye kumbukumbu." Utaona jinsi mtandao unavyoweza kupotea ghafla upande wake.

Ukichoka na washauri wako, jipe moyo kwamba mbung'o mwenyewe ameshauriwa kuliko wewe. Enzi za ukoloni walikuja waliosema vichaka vyote vifyekwe. Vikafyekwa, vikaota. Malale yalipolipuka bondeni mwaka 1980, mwaka uliofuata zikaletwa ndege zikamwaga dawa kutoka angani. Nzi wakapungua, kisha wakarudi. Waliofanikiwa zaidi ni wale walioanza kwa kumuuliza nzi anapenda nini. Wakagundua anapenda rangi ya samawati na nyeusi na harufu ya mkojo wa ng'ombe, wakamtegea vitambaa vya rangi hizo vyenye dawa. Wataalamu wa icipe, taasisi iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na yenye kituo hapo jirani Mbita, walitazama hata mnyama yule asiyependwa na nzi. Mbung'o humkwepa kuro. Basi wakaiga harufu ya kuro, wakaitia ndani ya vichupa na kuwavisha ng'ombe shingoni, na majaribio ya Shimba Hills, huko Kwale, yakaonyesha kwamba nzi huwasogelea kidogo. Mtu wa Minneapolis akikuuliza unamtunzaje Simba, una ruhusa ya kumwambia kwamba unafikiria kumpaka marashi ya kuro. Atanyamaza siku mbili akiyatafuta dukani.

Kwa upande wa binadamu habari ni njema. Mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa humu nchini na kugundulika humu alionekana mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Subiri sasa mshauri mwenye kiungo cha habari hiyo mkononi akuandikie kwamba mbung'o wameisha na kwamba jicho la Simba ni vumbi. Mwalike aje. Mpe kiti karibu na uzio wa Ruma, saa kumi jioni, akiwa amevaa suruali ya bluu.

Kuna aina nyingine ya ushauri isiyostahili kejeli wala jibu, nao ni ule usemao mbwa akichanjwa kichaa hupoa na kuacha kubweka. Ufute. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mpango huo unategemea angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Simba aliyechanjwa atabweka mpaka majirani walalamike. Na mbwa yeyote akimng'ata mtu, usipige picha ya jeraha kuuliza maoni. Lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mpeleke hospitali akachomwe sindano siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo dalili zikishajitokeza hauna daktari, si wa Homa Bay wala wa mfukoni.

Yote haya ni ya washauri wa simu. Bado kuna mmoja ambaye hana kitufe cha kumnyamazisha: jaduong', yaani mzee, wa boma la pili, anayekatiza shamba lako kwa fimbo yake kila baada ya siku chache. Huyu naye hajaombwa ushauri. Tofauti ni kwamba atamwita Simba kwa mluzi, atamshika taya, atavuta mdomo wa chini na kuutazama ufizi kimya kwa muda mrefu. Kisha atauliza mbwa amekula lini, na kama alionekana kule kwenye vichaka vya mpakani.

"Huyu hana damu," atasema. "Kesho mpakie kwenye boda boda, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Na wale ng'ombe wako wawili nao waangaliwe."

"Erokamano, jaduong'."

Mvutie kiti kivulini na uchemshe chai, yenye maziwa mengi na sukari asiyopaswa kunywa. Kikombe cha kwanza kitakuwa cha mbwa na ng'ombe. Cha pili kikimfika mkononi ataanza kukueleza namna ya kulea watoto wako, kwa nini choo chako kimekaa upande mbaya wa boma, na msichana gani wa Ndhiwa angemfaa mdogo wako. Mwongozo wa hayo utafute kwingine.